Seli za kinga zimejaa ndani ya uvimbe wa melanoma, mbona haziui?

#1 Swali la Kizushi
Wakuu, salaam.
Nina ripoti ya maabara ya mama mdogo. Melanoma, ile saratani ya seli za rangi ya ngozi, chini ya ukucha wa dole gumba la mguu. Kuna sentensi moja imeninyima usingizi: inasema seli T nyingi zimepenya hadi katikati ya uvimbe. Baiolojia yangu iliishia sekondari, ila najua seli T ndizo zinazoua seli zenye virusi na seli zilizoharibika. Sasa kama zimeingia, zimejaa, zimegusana na adui uso kwa uso, mbona uvimbe unazidi kukua? Kama hazimjui, zimeingia humo kufanya nini? Na kama zinamjua, nani kazishika mkono?
Dawa za mizizi zina uzi wake, naomba tusizilete hapa. Nataka mtu anieleze kinachotokea kati ya seli na seli.

#2 Ngoja Waje
Nimeweka kiti. Wataalamu waje.

#3 mchawi_wa_maabara
Swali la Kizushi, pole kwa mgonjwa. Jibu fupi: breki. Jibu refu hili hapa.

Seli T ina kipokezi juu ya utando wake. Kikinasa kipande cha protini ngeni ambacho seli nyingine imekitundika kwenye MHC, protini ya kuonyeshea vipande juu ya utando, kazi ya kupokezana inaanza ndani. Kimeng'enya Lck kinabandika fosfeti kwenye mikia ya CD3, protini zilizoungana na kipokezi hicho. Fosfeti hizo zinakuwa kama kiti: kimeng'enya kingine, ZAP-70, anakuja anakaa, naye anabandika fosfeti kwa protini iitwayo LAT, LAT anaita wengine, kalsiamu inapanda, protini NFAT inaingia kwenye kiini na jeni za mapambano zinawashwa. Ukitazama vizuri, ishara karibu yote ni kubandika fosfeti.

Melanoma nayo inatoa nje protini iitwayo PD-L1, inayoshika PD-1, kipokezi kingine cha seli T. PD-1 ikishikwa, mkia wake wa ndani unamwita SHP-2, na SHP-2 kazi yake ni kubandua fosfeti. Wenzake wanabandika, yeye anapita nyuma yao anabandua. Seli T imemwona adui na imemgusa, lakini habari haifiki kwenye kiini.

Waliofungua mlango huu ni Tasuku Honjo wa Kyoto, aliyegundua PD-1 mwaka 1992, na James Allison aliyeshughulika na breki nyingine, CTLA-4. Nobel yao ni ya 2018.

#4 Mtoto wa Tatu
Kubandika na kubandua. Kumbe mwilini nako kuna msimu wa kampeni.

#5 Bibi Darubini
Mchawi, umeeleza vizuri ila nakusahihisha mawili.

Kwanza, 1992 hakuna aliyejua kwamba PD-1 ni breki. Walikuwa wanatafuta jeni za seli kujiua zenyewe, hata jina lake limetokana na kifo. Breki ilianza kueleweka 1999, panya waliozaliwa bila PD-1 walipopata ugonjwa unaofanana na lupasi, yaani kinga imegeukia mwili wenyewe.

Pili, umesema SHP-2 anabandua kana kwamba anabandua kila mahali sawa. Kazi iliyotoka 2017 ilionyesha kwamba anayeumia zaidi ni CD28. Seli T haiwashwi na kipokezi peke yake, inahitaji ishara ya pili, na CD28 ndiye mwenye ishara hiyo. Kwa hiyo PD-1 haimfumbi seli T macho. Inamwondolea yule anayemwambia "sawa, endelea".

CTLA-4 ni habari tofauti kabisa, watu wanazichanganya kila siku. Hiyo haihitaji melanoma iwepo karibu. Inagombana na CD28 kuipata protini B7 iliyo juu ya seli za dendriti, zile zinazoionyesha kinga adui, mara nyingi kwenye tezi za limfu, na inashika B7 kwa nguvu zaidi kuliko CD28. Seli T zinazotuliza kinga huweza hata kuing'oa ile B7 na kuimeza. Yaani askari anazuiwa kambini kabla hajatumwa. Kwa swali la huyu kijana, ambapo askari ameshafika nyumbani kwa mwizi, CTLA-4 ni sehemu tu ya hadithi.

#6 Swali la Kizushi
Bibi, asante, na mchawi pia. Sasa hapo ndipo naumia kichwa. Melanoma inatokana na seli ya rangi ya ngozi. Hiyo PD-L1 imeitoa wapi? Ni jeni imeharibika ikaiota kwa bahati?

#7 Bibi Darubini
Hapana, mwanangu. Jeni ni ya kawaida, unayo wewe na ninayo mimi. Kinachoiwasha mara nyingi ni seli T yenyewe.

Seli T ikianza kupigana hutoa intaferoni gama, protini ya kupeleka taarifa kwa seli nyingine. Ile intaferoni ikigonga seli ya melanoma, inaamsha vimeng'enya JAK1 na JAK2 ndani yake, zinaamsha STAT1, STAT1 inaleta IRF1, na IRF1 inaiwasha jeni ya PD-L1. Ndiyo maana darubini mara nyingi inakuonyesha PD-L1 pale pale palipojaa seli T, na pembeni hakuna. Kelele za askari ndizo zinazomfanya mwizi avae fulana ya kuzuia risasi. Tishu zako za kawaida hufanya hivyo hivyo wakati wa maambukizi ili kinga isiunguze nyumba nzima. Melanoma haikubuni kitu hapo.

Na kwa mama yako mdogo: wenye seli T nyingi ndani ya uvimbe wa mwanzo, kwa wastani, huwa na mwelekeo mzuri kuliko wasio nazo. Usiisome ile sentensi kama hukumu.

#8 Kifuko
Niko na Bibi hadi hapo, ila wote mnaongea kana kwamba lazima seli mbili zigusane. Melanoma inapigana kwa mbali pia.

Seli zake hutema vifuko vidogo mno, eksosomu, ambavyo huoni kwa darubini ya kawaida. Mwaka 2018 ilionyeshwa kwamba eksosomu za melanoma zimebeba PD-L1 juu ya utando wake, zinaelea kwenye damu, na zinaweza kuituliza seli T ambayo haijawahi hata kuusogelea uvimbe. Intaferoni gama inaongeza PD-L1 kwenye vifuko hivyo, sawasawa na alivyosema Bibi.

Mimi naona kilichomo ndani ya kifuko kinatisha zaidi kuliko kilichopo juu. Kwenye panya wa B16, ambayo ni melanoma ya panya inayotumika maabara nyingi duniani, vifuko vikimwagwa kwenye seli T vinapandisha PTPN11. Sasa PTPN11 ni jeni ya nini? Ni jeni inayotengeneza SHP-2! Yaani yule yule mbanduaji wa mchawi. Melanoma haikushika kanyagio la breki tu, imeingia gereji ikaongeza breki nyingine.

#9 Mtoto wa Tatu
Kifuko, jina lako na mada yako vimekutana. Ulijiunga humu kwa ajili ya uzi huu?

#10 Kifuko
Nilijiunga 2016 kuuliza bei ya simu.

#11 Zege Halilali
Nawasoma tangu mwanzo. Mnagombania swichi, hakuna aliyeuliza kama umeme upo.

Seli T inayopigana inakula sukari kwa fujo. Melanoma nayo inakula sukari kwa fujo. Ndani ya uvimbe sukari imekwisha, na alichobakiza mlaji wa kwanza ni asidi ya laktiki. Kazi moja ya 2015 ilionyesha kwamba seli T ikikosa sukari inapungukiwa na kitu kiitwacho PEP, na bila PEP ya kutosha kalsiamu haikai juu na NFAT haifiki kwenye kiini. Rudi usome #3: NFAT ndiyo mwisho wa mnyororo wa mchawi. Hapo hakuna PD-1 wala SHP-2, ni njaa tu iliyokata ishara.

Ongeza laktiki. Uvimbe unaotengeneza laktiki nyingi, seli T na seli za NK (aina nyingine ya seli za kinga zinazoua) humo hutoa intaferoni kidogo. Ongeza potasiamu. Seli za uvimbe zinapokufa katikati zinapasuka na kumwaga potasiamu iliyokuwa ndani yake. Mwaka 2016, tena kwa panya wa B16, ilionekana kwamba potasiamu hiyo inaingia kwenye seli T na kuzima njia ya Akt na mTOR, ishara za ndani zinazoisukuma seli kufanya kazi. Seli T iko hai, kipokezi kizima, adui yuko mbele, lakini imelewa chumvi. Nani kawaambia hapo kuna breki ya makusudi? Ni uchafu wa nyumba ya mwizi unaomtapisha askari.

#12 mchawi_wa_maabara
Zege, kama ni njaa peke yake, mbona dawa ya kingamwili inayofunika PD-1 inafanya seli zile zile, ndani ya uchafu ule ule, ziamke na kuua? Sukari haikuongezwa.

#13 Zege Halilali
Zinaamka kwa baadhi ya wagonjwa. Wale ambao LDH yao ya damu, yaani kimeng'enya fulani, iko juu sana matokeo yao huwa mabaya, na LDH ndiyo inayotengeneza laktiki. Nadhani umenielewa.

#14 Bibi Darubini
Taratibu hapo. LDH ya kwenye damu haitoki kwenye uvimbe peke yake. Ini likiumia inapanda, misuli ikiumia inapanda, hata damu ikichukuliwa vibaya chembe nyekundu zikapasuka ndani ya chupa inapanda. Ni kweli imewekwa kwenye upangaji wa hatua ya 4 ya melanoma kwa sababu inatabiri, lakini kutabiri na kusababisha ni vitu viwili. Inaweza kuwa inakuambia tu kwamba uvimbe ni mkubwa.

#15 Zege Halilali
Sawa, Bibi. Nakubali nusu.

#16 Shemeji Mkubwa
Samahani kuingilia sayansi yenu. Mke wa kaka yangu alikuwa na mstari mweusi kwenye ukucha wa mguu. Hospitali ya kwanza wakasema fangasi, akapaka dawa miezi minane. Ya pili wakasema ni damu iliyoganda, viatu vinabana. Kinyama cha kupima kilichukuliwa baada ya mtoki kuvimba. Mimi hadi siku ile nilijua melanoma ni ugonjwa wa wazungu wanaoota jua.

#17 Ngoja Waje
Hata mimi nilijua hivyo. Si ndiyo ile inayowapata watu wenye ualbino?

#18 Bibi Darubini
Wenye ualbino jua huwaletea zaidi saratani nyingine za ngozi, zile za seli za juu, kuliko melanoma. Ya ukucha, kiganja na unyayo inaitwa melanoma ya akra, na kwa watu weusi hiyo ndiyo inayoonekana zaidi. Jua halihusiki sana nayo. Bob Marley alikuwa nayo, chini ya ukucha wa mguu, ikagunduliwa 1977, akafa 1981 akiwa na miaka 36.

#19 Mtoto wa Tatu
Marley si alikanyagwa kwenye mpira?

#20 Bibi Darubini
Kuumia kulifanya kidole kitazamwe. Saratani hatuwezi kuisingizia mpira.

Na hili linarudi kwenye swali lenyewe. Melanoma ya ngozi iliyopigwa na jua imejaa mabadiliko ya jeni, maelfu, na kila badiliko ni nafasi ya kutengeneza kipande kigeni ambacho seli T itakitambua. Ya akra ina mabadiliko machache. Vitu vya kutambuliwa vichache. Dawa za kuondoa breki hufanya kazi kwake pia, lakini kwa wagonjwa wachache zaidi. Shemeji, pole sana. Mgonjwa anaendeleaje?

#21 Shemeji Mkubwa
Yupo kwenye dripu ya nne. Anakula. Tunashukuru.

#22 Kitambulisho
Kuna mlango hamjaugusa. Mwizi anaweza kumwacha askari na silaha zake zote, yeye akachoma kitambulisho chake.

Seli T haioni protini iliyo ndani ya seli. Inaona kipande kilichotundikwa kwenye MHC ya daraja la kwanza. Ile MHC haisimami bila nguzo iitwayo B2M. Melanoma ikipoteza B2M, hakuna kinachotundikwa nje. Ishara haikuzimwa, haikuanza kabisa. Mwaka 2016 walichunguzwa wagonjwa 4 ambao dawa ya PD-1 iliwasaidia vizuri, kisha uvimbe ukarudi. Mmoja alikutwa B2M imevunjika. Wawili walikutwa JAK1 au JAK2 zimevunjika, zile zile za Bibi pale #7. Wa nne hawakumpatia jibu la wazi.

Tazameni uzuri wake, kama uzuri ni neno sahihi. Bibi alisema intaferoni inaiwasha PD-L1 kupitia JAK. Sasa melanoma iliyovunja JAK haisikii intaferoni tena. Haiwashi PD-L1, ndiyo, lakini pia haiongezi MHC na haizuiwi kukua. Imejiziba masikio.

#23 mchawi_wa_maabara
Na seli za NK je? Hizo kazi yake ni kuua seli isiyo na MHC. Ukichoma kitambulisho unamkimbia polisi mmoja unaangukia kwa mwingine.

#24 Kitambulisho
Ndiyo, kwa nadharia. Ila melanoma ina MICA na MICB, bendera ambazo NK huzitambua kwa kipokezi NKG2D. Inazikata kwa vimeng'enya vyake na kuzimwaga nje. Vipande vinaelea, vinajaza vipokezi vya NK bila seli ya kuua mbele yao, na mwishowe NK inavipunguza vipokezi vyake. Inachoka kushika hewa.

#25 Babu Pipeti
Vijana mmenikumbusha mbali. Nilikuwa fundi wa maabara miaka ya 90. Wakati huo habari ya mjini ilikuwa mashambulizi ya kujibu. Mwaka 1996 ilitoka kazi kubwa iliyosema melanoma ina Fas ligandi juu yake, na seli T ikiisogelea, Fas ya seli T inashikwa na seli T inajiua. Si kuzuiwa, ni kuuawa! Kila mtu akarukia hapo. Tukanunua kingamwili za kupaka kwenye vipande vya uvimbe, kila kitu kikawa kahawia, tukashangilia.

Haikufika miaka mitano wengine wakarudia kwa seli za melanoma za binadamu wakasema hiyo Fas ligandi hawaioni, na kwamba baadhi ya zile kingamwili za kupaka zinashika vitu visivyohusika. Baadaye tena wakaja waliosema ipo, ila imefichwa kwenye vifuko, kama anavyosema huyu Kifuko. Mimi nimestaafu na ubishi bado.

Kipindi hicho hicho tulikuwa tunapima mnyororo wa zeta kwenye seli T za wagonjwa wa melanoma. Zeta ni ule mkia mrefu ambao Lck anabandika fosfeti. Kwa baadhi yao ulikuwa umepungua. Sasa huo haukuzimwa na SHP-2, kilichokuwa cha kubandikwa chenyewe hakipo. Mchawi, hilo unaliweka wapi kwenye breki zako?

#26 mchawi_wa_maabara
Babu, shikamoo. Hilo siliweki popote kwa leo.

#27 Mpenda Mifugo
Mnajua farasi wa kijivu hupata melanoma sana? Wanazaliwa na rangi nyeusi au ya kahawia, manyoya yanageuka meupe kadiri wanavyokua, na uzeeni wengi wao wana vinundu vyeusi chini ya mkia. Sababu ni kipande cha jeni STX17 kilichojirudia. Wengi wanaishi navyo miaka.

#28 Ngoja Waje
Farasi kaingiaje humu?

#29 Mpenda Mifugo
Kwa sababu mnaongea kama melanoma lazima ishinde. Yule farasi na uvimbe wake wanakaa pamoja miaka kumi.

#30 Bibi Darubini
Kaingia vizuri tu. Hata kwa binadamu kuna melanoma zinazopotea zenyewe, unakuta baka jeupe mahali palipokuwa na doa jeusi, na kuna wagonjwa ambao saratani imekutwa kwenye tezi lakini ile ya mwanzo kwenye ngozi haionekani tena. Kinga huwa inashinda mara nyingine. Tunaowaona hospitali ni wale ambao ilishindwa.

#31 Mama Pacha
Mimi ni mkunga, nasoma kimya kimya, ila hii orodha yenu naijua. PD-L1, kimeng'enya IDO, kutuliza seli T, kuzuia NK: mbona hivyo ndivyo kondo la nyuma linavyofanya ili mwili wa mama usimtupe mtoto? Nusu ya mtoto ni ya baba, ni kitu kigeni, na miezi tisa hakuna anayemgusa.

#32 Kifuko
Mama Pacha umeua. Na ukitaka kutetemeka: saratani inayotajwa zaidi kusambaa kutoka kwa mama hadi kwenye kondo la nyuma ni melanoma. Ni nadra sana, lakini ndiyo inayoongoza.

#33 Mtoto wa Tatu
Nilikuja kucheka, sasa siwezi kulala.

#34 Baka Jeupe
Niongee kama mgonjwa. Hatua ya 4, nilipewa zote mbili kwa pamoja, ipilimumabu ya kuzuia CTLA-4 na nivolumabu ya kuzuia PD-1. Baada ya dripu ya pili mikono ikaanza kutoka mabaka meupe. Nililia, daktari akafurahi. Akaniambia seli T zimeanza kuzitambua seli za rangi, zinapiga melanoma na ngozi yangu nzima kwa pamoja. Dripu ya tatu utumbo ukawaka, nikalazwa, nikapewa steroidi wiki kadhaa. Ini nalo likafuata. Nipo miaka minne sasa, picha za mwisho hazionyeshi kitu.

Kwa hiyo sitaki mtu aniambie breki ni nadharia. Imetolewa ndani yangu, gari likagonga kila kitu.

#35 Zege Halilali
Hongera sana, na sibishi na mwili wako. Ila jaribio kubwa la dawa hizo mbili kwa pamoja, baada ya miaka 10 waliokuwa hai ni asilimia 43. Waliopewa ipilimumabu peke yake, 19. Kwa ugonjwa ambao kabla ya 2011 wengi hawakumaliza mwaka, hiyo ni miujiza. Swali langu ni hao wengine zaidi ya nusu. Breki zao zilitolewa zote mbili. Nini kiliwashika?

#36 Kitambulisho
Baadhi yao askari hawakuingia kabisa. Melanoma yenye njia ya beta-katenini iliyowaka muda wote haitoi CCL4, kemikali ya kuita seli nyingine, na bila CCL4 zile seli za dendriti za kuleta habari haziji, na seli T haziitwi. Uvimbe mtupu. Ukitoa breki kwenye gari ambalo halipo unategemea nini?

#37 Swali la Kizushi
Lakini wa mama mdogo si mtupu. Umejaa.

#38 Kitambulisho
Umejaa seli T. Zipi? Hapa ndipo nakupinga swali lako la #1. Uliuliza, kama hazimjui adui zimeingia kufanya nini. Seli T nyingi zinazokutwa ndani ya uvimbe ni wapita njia. Ukizipima unakuta zinatambua virusi vya zamani, EBV au CMV, ambavyo havina uhusiano na saratani. Zimeitwa na moto, zimekuja kuangalia. Huwezi kulaumu breki kwa askari ambaye hakutumwa kumkamata mtu huyu.

#39 Bibi Darubini
Kweli tupu. Ndiyo maana sipendi ripoti inayohesabu tu.

#40 Kifuko
Kuna habari mbili za karibuni. Mwaka 2025 Wajapani walionyesha kwamba seli za saratani, melanoma ikiwemo, zinahamisha mitokondria zao mbovu kuzitia ndani ya seli T, na seli T inaishia kuendeshwa na injini ya adui. Zege, hiyo ni yako, njaa ya kuletewa. Mwaka huo huo kundi la Tel Aviv likaonyesha kwamba melanosomu, vile vifuko vikubwa vya kubeba rangi, vinatoka vikiwa na MHC juu yake. Seli T inashika kifuko ikidhani ni seli, inamalizia nguvu hapo. Kitambulisho, hiyo ni yako: mwizi hakuchoma kitambulisho, alikichapisha nakala elfu akazitupa barabarani.

#41 Babu Pipeti
Na mimi nawakumbusha IDO aliyoitaja mkunga. Inavunja triptofani kuwa kinurenini, seli T zinakosa kimoja na kusumbuliwa na kingine. Kwenye panya ilipendeza sana. Wakaiwekea dawa, epakadostati, wakaichanganya na pembrolizumabu, dawa nyingine ya kuzuia PD-1, kwa wagonjwa wa melanoma. Mwaka 2018 jaribio kubwa likatoa jibu: haikuongeza chochote. Kwa hiyo hizi za 2025 mzipokee, muwape kiti, lakini msiwape funguo za nyumba.

#42 Swali la Kizushi
Wakuu, nimerudi. Leo daktari kanipa karatasi ya pili ya mama mdogo. Imeandikwa PD-L1 chini ya asilimia 1. Mchawi, breki yako iko wapi?

#43 Zege Halilali
Heheee.

#44 mchawi_wa_maabara
Usicheke mapema. PD-L1 si muhuri, inapanda na kushuka. Kipande kimoja kinaweza kuwa mahali isipokuwepo. Wapo wenye chini ya 1 ambao dawa inawasaidia, ndiyo maana kwenye melanoma hawanyimwi kwa sababu ya namba hiyo. Na breki si PD-1 tu. Kuna LAG-3. Kingamwili yake, relatlimabu, ilipitishwa Marekani 2022 pamoja na nivolumabu, na Ulaya wakairuhusu hasa kwa wale wenye PD-L1 chini ya asilimia 1. Mwulize daktari.

#45 Kitambulisho
Au JAK imevunjika, ndiyo maana seli T zimejaa na PD-L1 haiwaki. Nimesema au.

#46 Zege Halilali
Au zimejaa wapita njia wasiotoa intaferoni, kama ulivyosema mwenyewe. Au zinatoa na laktiki inazinyamazisha.

#47 Bibi Darubini
Nyote mnasoma kiganja. Mwanangu, hicho kipande cha PD-L1 kilichukuliwa wapi, kwenye kidole au kwenye mtoki?

#48 Swali la Kizushi
Kidole. Mtoki bado haujapimwa, tunakwenda Alhamisi.